Kinyozi na Kipara cha Sungura

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni kinyozi. Mtaa mzima unamwita Wembe, na asikudanganye mtu kwamba jina hilo limetokana na kazi. Limetokana na macho yake. Mwanaume mwingine akisimama na mke wa Wembe ikapita ile nafasi ya salamu, Wembe humtazama mpaka mtu wa watu ajipapase shingo kuhakikisha bado iko mahali pake.

Mimi nauza sweta za mitumba. Nilianza na fungu moja juu ya turubai, leo nina banda lenye mlango na kufuli. Kupamba watu si kazi yangu. Nikimwandika Wembe ni kwa sababu nimemjua miaka ishirini na mbili, nimemsuluhisha na mkewe mara nyingi hadi nimechoka kuhesabu, na katika mara zote hizo ni moja tu niliyotoka na kitu cha kubaki nacho. Ilikuwa kesi ya sungura.

Lakini nianze na kioo, maana bila kioo humwelewi mtu huyu.

Mdogo wangu anafanya kazi kwa dobi, kaunta ya kupokea nguo. Wembe alipotaka kufungua duka lake mwenyewe la kunyolea, palikuwa na vyumba viwili vya kupanga. Kimoja kilikuwa kwenye kona, kina kivuli, watu wanapita asubuhi na jioni. Kingine kilikuwa chembamba kama bahasha, jua linakipiga mchana kutwa, ila kinatazamana na dobi. Nilimwambia, shemeji, chukua kona, hata usifikirie. Akachukua bahasha. Nilijua kakosa akili, mpaka siku ya ufunguzi nilipoingia nikaketi kwenye kiti cha kwanza. Kioo kikubwa kilikuwa kimetundikwa upande kidogo, kama mtu aliyeinamisha kichwa kusikiliza. Nikitazama ndani yake sikuiona sura yangu vizuri, lakini mlango wa dobi niliuona wote, na kaunta, na mdogo wangu akikunja suruali ya mtu.

Hivyo ndivyo alivyonyoa vichwa vya watu kwa miaka: jicho moja kwenye kichwa, jicho la pili ng'ambo ya barabara. Siku moja alimwacha mteja na nusu ya masharubu. Mteja akajitazama, akauliza, "Fundi, na huu upande mwingine?"

"Subiri," akasema Wembe, mashine ikinguruma hewani. "Bado anacheka."

Mdogo wangu si mtu wa kutoa sababu ya wivu. Ni mtulivu, mkono wake mwepesi, anaongea kama anayehesabu vifungo. Ila kazi ni kazi: anajua kola ya kila mwanaume wa mtaa huu, nani anatoka jasho, nani kaacha kalamu mfukoni, na hilo peke yake lilitosha kumkondesha mumewe.

Mwaka jana binti yao aliolewa, nyumba ikawa kimya. Mwezi haujaisha, mdogo wangu akarudi kutoka kazini na kikapu, na ndani ya kikapu sungura jike mweupe, macho mekundu, masikio kama vijiko. Mteja mmoja wa dobi alikuwa anahama, kule aendako hawaruhusu wanyama. Sungura akaitwa Unga.

"Mteja gani?" akauliza Wembe.

"Yule mwalimu wa muziki."

"Wa mashati ya mikono mirefu?"

"Wote wana mikono mirefu, baba."

"Na kwa nini hakumpa mtu mwingine?"

"Kwa sababu kaunta nilikuwepo mimi."

Jibu lilikuwa safi, lakini Wembe hakuwa na mahali pa kuliweka. Kuanzia siku hiyo, kila mkewe alipompakata Unga, yeye aliona mikono ya mwalimu wa muziki. Alikuja bandani kwangu, akasimama katikati ya sweta kama mtu anayetafuta saizi yake, kumbe anatafuta wa kumlilia.

"Shemeji, mimi nikiingia nyumbani naulizwa kama nimeleta sabuni. Yule anaulizwa kama ameshinda salama."

"Yule hana miguu ya kwenda dukani."

"Wewe cheka. Jana nimemsikia anamwita mpenzi."

"Wewe alikuita nini?"

"Hakuniita. Alisema, 'Sogea, unamziba upepo.'"

Mtu mwingine angezoea. Wembe akaja na mpango. Alifikiri hivi: sungura akipata mwenzake, watashughulikiana wenyewe, na mke atabaki bila kazi ya mikono, atarudi kwa mwenye mali. Akaenda kwa muuza sungura, akarudi na jike jingine la rangi ya kijivu, mnene, kifua mbele kama mkaguzi wa shule. Akaitwa Jivu. Bei ya kwanza aliyotajiwa ndiyo aliyolipa, jambo ambalo mimi hadi leo sijamsamehe. Akamwingiza moja kwa moja kwenye kizimba cha Unga pale sebuleni, chini ya dirisha, bakuli moja, kona moja ya kulala, akasugua mikono akasubiri mke arudi kwake.

Mke akarudi kutoka kazini, akaona, akapiga vigelegele. Sasa alikuwa na wa paja la kulia na wa paja la kushoto. Wembe alikuwa amejiongezea mke mwenza kwa hiari yake.

Baada ya wiki kama tano, kipara cha kwanza kikatokea. Kilikuwa kisogoni mwa Unga, duara, ukubwa wa kifuniko cha soda. Kisha kingine mgongoni, hiki kirefu kirefu, kama mtu alipitisha kidole penye vumbi. Mdogo wangu akataka kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu daktari wa mifugo naye ni mteja wa dobi. Kila Jumatatu huleta makoti yake meupe. Ni mrefu, ana mwanya, na ana ile tabia mbaya ya kuegemea kaunta akiongea. Wembe alikwisha kumwona kwenye kioo mara zisizo na idadi.

"Kwa daktari wa ng'ombe?" akasema. "Mambo ya nywele, na una kinyozi ndani ya nyumba?"

"Ni manyoya, si nywele."

"Kinachoota kwenye ngozi ni changu. Niachie."

Alikuwa na hofu nyingine pia, na hii hakumwambia mtu. Kipara cha duara kwa kinyozi ni mapunye, yale madoa ya kichwani yanayoruka kutoka mtu hadi mtu kupitia mashine chafu. Ikisikika tu kwamba nyumbani kwa Wembe kuna mapunye, hata kama ni ya sungura, viti vyake viwili angeweza kuviuza kuni. Basi asubuhi mkewe akishatoka, Wembe akawa anarudi nyumbani mbio na chupa ya spiriti, ile ya kufutia mashine na shingo za wateja, analowesha pamba, anamsugua Unga kisogoni. Siku tatu. Kichwa cha binadamu kinachomwa kidogo, kinapona. Ngozi ya sungura ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Kisogo kikawa chekundu, kikabambuka, na manyoya ya pembeni nayo yakaaga.

Siku ya nne mdogo wangu aliingia, akamnyanyua Unga, akazamisha pua kwenye manyoya kama alivyozoea. Akaganda.

"Umemgusa huyu?"

"Mimi? Na nini?"

"Nakuuliza kama umemgusa."

"Sijamgusa."

"Ananuka kinyozi."

"Nyumba nzima inanuka kinyozi. Umeolewa na kinyozi."

Akampeleka dirishani, akapapasa ule mgongo. Manyoya hayakuwa yamenyonyoka. Yalikuwa yamekatwa, mafupi, yanachoma kiganja kama kidevu cha siku ya pili. Mke wa kinyozi anakijua kidevu cha siku ya pili.

"Umemnyoa," akasema. Hakupandisha sauti. "Umechukua mashine ukamnyoa mnyama. Kwa wivu."

Saa kumi jioni alikuwa mlangoni pa banda langu, kikapu mkono mmoja, begi mkono mwingine.

"Dada, nimekuja."

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui."

Neno hilo silipendi kwa mteja, sembuse kwa mgeni. Nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja changu na kimoja cha sweta. Usiku wa kwanza tu Unga aliitafuna mikono ya sweta moja ya sufu halisi, aina ambayo napata moja katika marobota kumi. Asubuhi nilipoiona nilijiambia: ama ndoa hii ifike Jumapili imeshonwa, ama mimi nianze kuuza fulana. Watu husema nilisuluhisha kwa upendo wa dada. Upendo ulikuwepo. Na sweta zilikuwepo.

Wembe alinikuta bandani kabla sijafungua dirisha. Hajanyoa. Kinyozi ambaye hajanyoa ni sawa na dobi mwenye shati chafu, unajua nyumbani kwake kumekufa mtu au kumeondoka mtu.

"Shemeji, naapa, mashine haijamgusa yule mnyama."

"Na kitu kingine?"

Akatazama viatu.

"Na kitu kingine, shemeji?"

"Spiriti. Kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

"Siku tatu."

"Mwambie mkeo."

"Nikimwambia la spiriti ataamini na la mashine. Nilikwisha kusema sijamgusa."

Hapo alikuwa na hoja. Bidhaa ukishaidanganyia saizi, hata rangi yake mteja haiamini. Nikamwambia arudi kazini, angoje.

Mchana huo nilimtoa Unga mlangoni penye mwanga, nikavaa miwani yangu ya kazi. Mimi si daktari, lakini nyuzi nazijua. Sweta ikiletwa na tundu, kabla sijataja bei lazima nijue tundu limetoka wapi. Uzi uliochakaa huisha taratibu, unakuwa mwembamba kabla ya kukatika. Uzi ulioliwa na nondo huacha vumbi na ukingo uliomung'unywa. Mkasi huacha ncha butu, zote mstari mmoja. Ukikosea hapo unakula hasara.

Kisogo cha Unga hakikunishughulisha, ile ilikuwa spiriti, hata kipofu angeona kwa pua. Nilitazama mgongo. Ngozi ilikuwa safi, haina mba, haina magamba, haina uwekundu. Manyoya hayakuwa yametoka na mizizi, yalikuwa yamebaki visiki. Lakini visiki vyenyewe havikulingana, kimoja kirefu, jirani yake kifupi, na vingine vimegandana vitatu vitatu kama uzi uliotiwa mate kabla ya kupitishwa kwenye sindano.

Nikachukua kipande cha sweta ya manyoya manyoya, nikavuka hadi kwa Wembe.

"Pitisha mashine hapa."

"Bila kitana?"

"Pitisha unavyopitisha shingo."

Akapitisha. Njia ikatokea nyeupe, imenyooka, sawasawa kama zulia. Nikaweka kidole juu yake na nikakumbuka ule mgongo. Havikuwa vitu vya mkono mmoja.

"Jivu yukoje?" nikamwuliza.

"Jivu? Yuko nyumbani, anakula kwa ajili ya wote wawili."

"Ana kipara?"

"Hata kimoja. Manyoya kama koti la waziri."

"Siku uliyomnunua, wengine dukani walikaa vipi?"

Akafikiri. "Wawili wawili. Watatu watatu."

"Na yeye?"

"Peke yake." Kisha akaongeza, kama mtu anayejitetea, "Nilidhani ni wa daraja la juu."

Ningekuwepo siku ile, swali la kwanza lingekuwa hilo. Kwenye rundo la mitumba, sweta iliyotengwa peke yake pembeni ama ni nzuri kuliko zote ama ina kasoro ambayo muuzaji hataki uione ikiwa karibu na nyingine. Unauliza. Siku zote unauliza.

Jioni nilimwambia mdogo wangu kwamba namshuku Jivu, lakini hakukubali kirahisi. "Tangu nimetoka kwake, dada, hakuna kipara kipya hata kimoja. Eleza hilo."

"Umetoka kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

"Ulimwacha mume wako na sungura mmoja, mama. Umetoka kwa wawili."

Nikampangia Jumapili.

Jumapili alasiri tukaenda kwao wote. Nikamkalisha Wembe kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, viganja wazi, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mdogo wangu akaketi kwenye zulia na Unga mapajani. Nikafungua kizimba, Jivu akatoka mwenyewe, kifua mbele. Akanusa zulia. Akanusa mguu wa meza. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na lolote la kumfanyia mtu, na nikaanza kuona nitakavyorudi na mgeni wangu nyumbani.

"Mpapase," nikamwambia mdogo wangu. "Mpapase kama siku zote."

Akampapasa Unga mgongoni, kutoka masikioni hadi mkiani, akimwongelesha yale maneno yake ya chini chini. Jivu akainua kichwa. Akapiga mguu wa nyuma sakafuni, pu! Akaja, akapanda paja, akausukuma mkono wa mdogo wangu kwa pua, na mkono usipoondoka, akainamisha kichwa juu ya mgongo wa Unga na kuanza kufanya kazi. Hakumng'ata. Alikata tu, kwa meno ya mbele, krr, krr, krr, unyoya baada ya unyoya, taratibu, kama fundi aliyelipwa kwa siku. Unga alijikunja akatulia. Inaonekana alikwisha kuzoea.

Kisha Wembe akasema, viganja vyake bado juu ya magoti, "Anaona mkono wako uko kwa mwingine."

Mdogo wangu alimshika Jivu, akamrudisha kizimbani, akafunga. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelegea. Akamwambia mumewe, "Nimekusingizia, baba. Unisamehe." Halafu akafanya jambo la huruma, akamtengenezea mlango wa kutokea: "Na ile harufu ya spiriti, ni mikono yako tu. Mtu anayeshika chupa hiyo kutwa lazima anuke."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilimkazia Wembe macho. Biashara ilikuwa imefungwa, mteja ameridhika, mzigo umeshafungwa kamba. Hakuna mfanyabiashara anayefungua mzigo tena katika hali hiyo. Nilimtikisia kichwa: nyamaza.

"Hapana," akasema Wembe. "Nilimsugua. Siku tatu. Nilidhani ni mapunye, nikaogopa kazi itaniharibikia. Na sikutaka aende kwa yule daktari."

"Kwa nini?"

"Anaegemea sana."

"Anaegemea nini?"

"Kaunta." Akaendelea. "Na huyu Jivu sikumleta akufurahishe. Nilimleta ili yule wa kwanza apate wa kumshughulikia, uniangalie na mimi."

Nilifumba macho. Kila neno lilikuwa linanirudishia mgeni nyumbani.

Mdogo wangu alichuna vipande vya manyoya kwenye sketi yake, kimoja kimoja. Mwishowe akasema, "Kesho tunaenda kwa daktari. Wewe ndiye utakayembeba."

Akambeba. Nilifuatana nao, kwa sababu sikutaka makubaliano yoyote yafanyike bila mimi. Daktari alimlaza Unga mezani, akamfunua manyoya kwa kuyapuliza, akakwangua ngozi kidogo, akatazama kwenye darubini. Hakuna utitiri, akasema, utitiri ungeacha mba nyingi zinazotembea kama vumbi lililo hai. Mapunye hakuona dalili yake, ila alichukua manyoya machache ya kupima ili apate uhakika, na majibu yalikuja baadaye kuwa safi. Akatazama kifua na tumbo: jike hujinyofoa hapo akitaka kutandika kiota, hata kama hana mimba, lakini kwa Unga palikuwa pamejaa. Wala si kule kubadilisha manyoya kwa msimu, maana huko manyoya mapya huonekana chini yakisukuma.

"Huyu ananyolewa na mwenzake," akasema. "Mmoja anaonyesha nani bosi. Mliwaweka pamoja siku ileile?"

"Ileile," akasema Wembe.

"Bakuli moja?"

"Moja."

"Ungewekwa wewe chumba kimoja na mtu usiyemjua, sahani moja, ungefanyaje?"

Nilimwona Wembe akiwaza sahani moja na mwalimu wa muziki.

Daktari akaeleza: vizimba viwili vinavyotazamana, waya katikati, waonane bila kufikiana. Nyasi kavu tele, kutwa kucha, maana sungura mwenye njaa ya kutafuna atatafuna kilicho karibu. Maboksi ya kujifichia, nafasi ya kukimbia. Kisogo akakitolea dawa yake, akasema spiriti, dawa za binadamu, chochote cha kwenye rafu ya kinyozi, visimkaribie tena mnyama. Alisema hivyo bila kumtazama mtu, nikamheshimu kwa hilo. Alipokuwa anaandika, alikuwa ameegemea meza. Anaegemea kila kitu, ndivyo alivyo, mtu mrefu mwenye mgongo mbovu. Wembe naye aliliona. Nililiona likimwingia polepole kama sindano.

Mlangoni daktari akamwambia, "Fundi, ningekuja kunyoa kwako, ni karibu. Ila nikipita unaniangalia kama jana ulinilenga ukanikosa."

"Njoo," akasema Wembe kwa shida. "Nitakufanyia vizuri."

"Na masharubu yote mawili?"

Kumbe mtaa mzima unajua.

Tulirudi kwao, tukakaa kupatana. Mdogo wangu alianzia juu: anakaa kwangu mpaka manyoya yote ya Unga yarudi. Wembe alianzia chini: leo. Mimi nilitazama sweta zangu kwa macho ya moyoni, nikasema kwangu hapana, nafasi imekwisha. Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mapatano yalikuwa haya. Mke anarudi kwake, na Unga analala chumbani na mama mwenye nyumba, kizimba chake kando ya kitanda. Wembe analala sebuleni na Jivu. Si kwa kosa la kunyoa, maana hakunyoa, bali kwa "sijamgusa". Na atarudi chumbani siku manyoya ya kisogo, pale alipopachoma yeye, yatakapofika urefu wa kitana namba nne.

Namba hiyo Wembe aliitaja mwenyewe. Vitana vya mashine ya kunyolea vina namba, moja ndiyo fupi, na kinyozi hupima dunia kwa hizo. Mdogo wangu akaongeza kipengele kimoja: kioo kigeuzwe.

Wiki zile zilikuwa za kuchekesha kwa kila mtu isipokuwa yeye. Sungura chumbani, mwenye nyumba sebuleni. Alfajiri Jivu alipiga mguu sakafuni kumwamsha apewe nyasi, na Wembe aliamka, akampa, akalalamika kwake. Alileta maboksi kutoka kila duka la mtaa. Alimkatia Unga majani mabichi sawasawa kama anapunguza nywele za bwana harusi. Nilipompitia dukani aliniambia, "Shemeji, yule Jivu namwelewa. Si mbaya. Ila hajui kuuliza." Kisha akarudi kwenye kichwa cha mteja. Hilo aliendelea kulifikiri, nadhani, kwa sababu siku moja alivuka barabara mwenyewe, mchana kweupe, akaingia kwa dobi na kumwuliza mkewe, "Umeshinda salama?" Mdogo wangu alishtuka hata akampa shati la mtu mwingine.

Kila Jumamosi nilikwenda kushuhudia upimaji, kwa kuwa hakuna kati yao aliyemwamini mwenzake na kitana. Namba moja ilifika. Namba mbili ikachelewa, ngozi iliyochomwa haina haraka. Namba tatu. Manyoya mapya yaliota ya rangi ya maziwa, meupe kuliko yale ya zamani.

Jumamosi ya mwisho mdogo wangu alikuwa amefua mashuka. Sikuambiwa, niliyaona kwenye kamba, nikaelewa upande wake umefikia bei gani. Akamshika Unga mapajani. Wembe akapiga magoti, akalaza kitana namba nne juu ya kisogo, akainamia hadi pua ikagusa. Manyoya yalifika ukingoni. Mimi kutoka nilipokaa niliona yamefika. Yeyote anayetaka kulala kitandani kwake angeona yamefika.

Akasukuma kitana kidogo, akatazama tena.

"Bado," akasema. "Namba tatu na nusu."

"Kuna kitana cha namba tatu na nusu?" akauliza mkewe.

"Hakipo."

"Basi kama hakipo hakipimi." Akamnyanyua Unga, akampeleka sebuleni, akamweka kwenye kizimba kilichotazamana na cha Jivu, akakagua waya katikati, akafunga. Kisha akaingia chumbani akaacha mlango wazi.

Nikachukua mkoba wangu. Hakuna aliyenisindikiza.

Njiani nilipitia duka la Wembe, lilikuwa limefungwa lakini dirisha lina nafasi. Nilitaka kuhakiki kile kipengele cha mwisho, maana niliweka dole gumba langu kwenye mapatano yale. Kioo amekigeuza, kweli. Ukikaa kiti cha kwanza unajiona mwenyewe, uso mzima, kama kwa kinyozi yeyote. Lakini nilisogea mpaka usawa wa kiti cha pili, nikachungulia. Nusu ya mlango wa dobi bado inaonekana.

Sikumwambia mdogo wangu. Wembe alianza na mlango mzima, tukamshusha hadi nusu, na kwa mtu yule mimi sidhani kuna anayeweza kupata bei nzuri kuliko hiyo.